Sema Kikaoni, Usisubiri Daladala



Leo nataka tuzungumze kuhusu yale maneno mnayoyabeba kutoka kazini mpaka nyumbani. Kikao kimeanza saa 3 asubuhi, ajenda zimepita, bosi ameeleza mpango wake mpya, kisha akauliza, "Kuna mwenye la kuongeza?" Watu wakainamia madaftari. Mmoja akafungua chupa ya maji, mwingine akaikagua simu yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Mwenyekiti akasubiri kidogo, akasema, "Basi tumekubaliana," na kikao kikafungwa. Muda si mrefu, pale kwa mama ntilie au kwenye siti ya nyuma ya daladala, mazungumzo yanaanza. "Ule mpango hautekelezeki." "Hata mimi niliona hivyo hivyo." "Mbona mwaka juzi tulijaribu, tukakwama?" Hoja zinatoka zimenyooka, zina mifano, zina hadi hesabu. Zote ni za kweli, na zote zimechelewa.

Ndiyo maana leo sianzi kwa kuwaambia muwe na ujasiri. Mtu anayeweza kuuchambua mpango wa mkurugenzi mbele ya abiria 30 asiowajua hana upungufu wa ujasiri wala wa akili. Anachokosa ni mahali na wakati. Neno lake linamfikia asiyeweza kulifanyia kazi, tena baada ya uamuzi kupita. Ninachotaka tufanye leo ni kulirudisha neno hilo mezani, kabla kikao hakijafungwa, na bila kumvunjia mtu heshima.

Najua mnachokiogopa, kwa sababu mnaniuliza kila siku. Ukinyoosha mkono mara mbili kwenye kikao kimoja, utaitwa mjuaji. Ukiwa mgeni kazini, una kimbelembele. Ukiwa msichana, una mdomo. Ukimuunga mkono bosi unajipendekeza, ukimpinga unatafuta kufukuzwa. Mtu akizungushiwa majina yote hayo, anaona bora akae kimya, na ukimya wake anauita heshima.

Hapo ndipo nasimama kidogo. Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Malezi hayo siyalaumu, yamenilea na mimi. Lakini kumbukeni vizuri mambo yalivyokuwa nyumbani. Kijana aliyeona baba yake anakosea kuhusu kuuza shamba hakumkabili mbele ya wageni. Alikwenda kwa shangazi au kwa mjomba, akaeleza. Jioni shangazi akafika, akanywa chai, akasalimia wote, kisha akaomba kuzungumza na kaka yake pembeni. Neno la kijana likafika kwa baba bila mtu kuaibika. Watu wa nyumba ile waliheshimiana sana, na neno lilifika. Tunachokifanya maofisini ni kitu kingine kabisa: neno halifiki, na anayeumia ni kazi yenyewe. Hiyo waswahili tumeshaipa jina, ni nidhamu ya woga.

Wapo pia watakaokwambia kwamba kumhoji mkubwa kazini ni mambo ya kuiga kutoka nje. Historia yetu wenyewe inawakatalia. Mwaka 1970 ulitolewa waraka wa Rais ulioyataka mashirika ya umma ya Tanzania yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata chama tawala cha wakati huo, TANU, kikatoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliishika ibara ile, wakawa wanaitaja kwa namba mbele ya mameneja wao. Hakikuwa kipindi chepesi. Migomo ilifuata, na baadhi yao walilipa gharama kubwa. Ila babu na bibi zenu walikuwa wanasema kazini, tena kwa Kiswahili fasaha, kabla ninyi hamjazaliwa. Na kama mnafanya kazi kwenye taasisi ya umma, baraza la wafanyakazi lipo hadi leo. Je, unamjua mjumbe anayewakilisha idara yako? Kama humjui, mtafute wiki hii.

Sasa niwapeleke Ifakara, kwa sababu mfano ninaoupenda kuliko yote kuhusu jambo hili umetoka kwetu, na watu wengi hawaujui.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi kwenye vyumba vya upasuaji vya hospitali nane duniani. Miji iliyochaguliwa ilikuwa Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara mkoani Morogoro, katika hospitali ya St. Francis. Orodha yenyewe ni ya mambo 19 tu. Inawataka wahusika wasimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijachanwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kila wanaposimama, mambo yanatamkwa kwa sauti. Mgonjwa ni nani? Anafanyiwa upasuaji gani, na upande upi wa mwili? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Mwishoni muuguzi anatamka kwamba vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu vimehesabiwa na vyote vipo.

Katika mambo hayo 19 lipo moja ambalo ukilisoma haraka utaliona la kitoto. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Daktari bingwa anajitaja. Mtaalamu wa usingizi anajitaja. Muuguzi aliyehamia juzi naye anajitaja. Kwa nini watu wazima, wenye mgonjwa kitandani, watumie muda kutambulishana? Atul Gawande, daktari wa upasuaji aliyeiongoza kazi ile, ameeleza sababu yake: mtu aliyekwishasikika mara moja huona rahisi kusema tena akiona jambo haliko sawa. Mdomo umeshafunguka. Na orodha haikuishia hapo. Inalo swali linaloelekezwa kwa wauguzi moja kwa moja: kuna tatizo la vifaa, au jambo lolote linalowatia wasiwasi? Yaani mdogo wa cheo haombi nafasi ya kusema. Nafasi inamfuata alipo, na jibu lake linasubiriwa kabla kazi haijaendelea.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zote nane kwa ujumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Sisemi kwamba kujitambulisha peke yake ndiko kulikookoa watu hao; yalikuwamo mambo mengi, dawa kutolewa kwa wakati na vipimo vya oksijeni damuni. Ninachowaomba mkione ni kwamba hapakuwa na semina ya kuwafanya wauguzi wawe majasiri. Kilichobadilishwa ni utaratibu, ili neno la kila mtu liwe na saa yake ya kusemwa.

Ofisi yako huenda haina orodha kama ile. Lakini unaweza kujitengenezea yako. Usingoje mengineyo, pale mwisho wa ajenda, watu wakiwa wamechoka na wanawaza chakula cha mchana. Sema jambo mapema, hata kama ni dogo: uliza swali kuhusu yatokanayo na kikao kilichopita, thibitisha tarehe, mpongeze mwenzako kwa ripoti yake. Sauti yako ikishasikika kwenye ajenda ya pili, ya tano haitakutetemesha.

Sasa, kusema kwenyewe. Kuna namna ya kusema ambayo ni nusu ya kunyamaza, na imewahi kugharimu sana.

Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia bila kuonana. Moja ilikuwa ya KLM, nyingine ya Pan Am. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mwenye hadhi kubwa, mkufunzi wa marubani wenzake. Akaanza kukimbiza ndege ili iruke. Nyuma yake alikaa mhandisi wa ndege, ambaye alikuwa amesikia kwenye redio maneno yaliyomtia shaka. Akauliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akaishia hapo. Sekunde chache baadaye ndege zikagongana, na watu 583 wakafa. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile.

Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, mawimbi ya redio yaliyoingiliana, haraka ya kuondoka. Lakini mtu mmoja ndani ya chumba kile alikuwa amelihisi tatizo, akalisema kama swali, mara moja, kwa upole, akajibiwa, akaliacha. Baada ya ajali za namna ile mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wafanyakazi wake jinsi ya kumwambia rubani mkuu neno, na kuwafundisha marubani wakuu jinsi ya kulipokea. United Airlines ya Marekani ilianza mafunzo hayo mwaka 1981. Hospitali nazo zikachukua kanuni iliyotokana na mafunzo hayo: jambo la hatari likipuuzwa, liseme mara ya pili, waziwazi zaidi. Wana hata ngazi zake, na kwa Kiswahili chetu zinakaa vizuri. Kwanza, "Mkuu, nina wasiwasi na hili." Kisha, "Mkuu, siko sawa na hili, naomba tuliangalie tena." Na ikibidi, "Hili ni suala la usalama, naomba tusimame." Ukifika hapo huombi tena ruhusa ya kuwa na maoni. Dereva wa roli anayeona breki hazishiki, fundi umeme anayeambiwa aunganishe bila kuzima, mhudumu wa maabara anayeona majina ya sampuli yamepishana, nyote hayo ni maneno yenu.

Nashukuru kwamba kazi nyingi hazina hatari ya namna hiyo. Mara nyingi ni tarehe, fedha, na mipango ya watu. Tuseme uko kwenye mradi wa kilimo, na mkuu wako anapendekeza mkutano wa wakulima ufanyike Jumatano. Wewe umekaa kijijini kule, unajua Jumatano ni siku ya gulio. Nawasikia mnavyosema: "Samahani, sijui kama niko sahihi, labda ni mimi tu, lakini nilikuwa nafikiri kama ingewezekana labda tungeangalia na siku nyingine..." Ukifika mwisho wa sentensi, mwenyekiti ameshageukia ajenda inayofuata. Sema hivi: "Mkuu, naomba kuchangia kuhusu tarehe. Jumatano ni siku ya gulio pale kijijini, wakulima wengi watakuwa sokoni toka alfajiri. Ili tupate mahudhurio tunayoyataka, napendekeza Alhamisi saa 3. Mwenyekiti wa kijiji naweza kumpigia leo." Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika. Umeanza kwa kuomba, kama ulivyolelewa. Umetaja jambo unalolijua wewe na asilolijua yeye. Umelifunga pendekezo lako na kile anachokitaka yeye mwenyewe, mahudhurio. Na umejitwika sehemu ya kazi, kwa hiyo hakuna atakayesema umekuja kukosoa tu. Hiyo "samahani" moja ya mwanzoni sina ugomvi nayo, ni adabu. Zile zinazofuata ndizo zinazokufuta.

Likiwa jambo zito, linalogusa mpango ambao bosi ameusukuma kwa miezi mingi, usimvizie nalo mbele ya wote. Mpitie kabla. Mwombe dakika tano, siku moja au mbili kabla ya kikao, mweleze ulichokiona, umpe nafasi ya kulibeba mwenyewe. Ndiye shangazi uliyemkosa ofisini: mazungumzo ya pembeni, ya mapema, yenye staha. Kama unaye mkubwa mwingine anayesikilizwa, mpitie na yeye. Watu wengine huona hiyo ni siasa. Mimi naona ni kumpa mtu nafasi ya kubadili mawazo bila kuaibika, na hata wewe siku ukiwa bosi utataka ufanyiwe hivyo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja ambacho nakitaja kila ninapozungumza na vijana. Uongozi wa ofisi ile ulikuwa umeamua kuhamisha ghala la pembejeo kwenda jengo jipya kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja, watu kimya. Katibu muhtasi, dada mdogo aliyekuwa anaandika muhtasari, akanyoosha kalamu yake. Akasema, "Mwenyekiti, naomba nisome nilivyoandika, ili nisikosee." Akasoma: "Kikao kimekubali ghala lihamishwe kabla ya tarehe 30. Mhusika..." Akanyanyua macho. "Mhusika nimwandike nani?" Pale ndipo chumba kilipobadilika. Mtunza ghala, baba mtu mzima ambaye alikuwa hajafungua mdomo toka tuanze, alipoona jina lake linakaribia kuandikwa, akakohoa. Akaeleza kwamba paa la jengo jipya linavuja upande wa kaskazini, kwamba mvua za masika zimekaribia, na kwamba mbolea na mbegu zikilowa hazina pa kurudi. Mhasibu naye akasema fedha za kutengeneza paa hazikuwa kwenye bajeti. Ndani ya dakika chache uamuzi ukabadilika: paa kwanza, ghala baadaye.

Yule dada hakuwa na maoni yoyote kuhusu ghala, au kama alikuwa nayo hakuyasema. Aliuliza swali moja la kazi yake. Ninyi mnaopewa kuandika muhtasari kila mara, na najua mara nyingi ni ninyi wasichana, na mnachukia, hebu iangalieni kazi hiyo upya. Anayeandika anaweza kuomba jambo lirudiwe. Anaweza kuuliza mhusika ni nani na tarehe ni ipi. Na kama si wewe unayeandika, na umetoa angalizo muhimu, sema kwa upole, "Katibu, naomba hilo liingie kwenye muhtasari." Yale maandishi ya "wajumbe walijadili na kukubaliana" yamezika maangalizo mengi mazuri.

Nikiwa bado kwa wasichana, nataka niseme na jambo la kuibiwa hoja. Umesema, hakuna aliyejibu. Dakika chache baadaye mwanaume amesema lile lile kwa sauti nzito, na meza nzima inatikisa kichwa. Inauma, na hujalibuni. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Barack Obama walikutana na jambo hilo hilo, na mwaka 2016 gazeti la Washington Post lilieleza walichokifanya. Walikubaliana kwamba mmoja wao akitoa hoja muhimu, mwingine anairudia na kumtaja mwenye hoja. Basi. Hapakuwa na ugomvi wala barua ya malalamiko. Sisi tunaweza kesho: "Naomba kuunga mkono hoja ya dada wa uhasibu, aliyesema tuanze na madeni ya zamani." Umemrudishia hoja yake mbele ya wote, na umeipa nguvu. Ongea na mwenzako mmoja kabla ya kikao, mfanyiane hivyo. Na ninyi kaka zangu mnaosoma ukurasa huu, mkisikia hoja ya dada inapita hewani, itajeni. Haiwapunguzii kitu.

Neno moja kuhusu kundi la WhatsApp la kazini: usipingane na bosi humo. Maandishi hayana sauti ya upole uliyokuwa nayo moyoni, kila mtu anayasoma kwa sauti yake, na kesho yapo kwenye simu za watu usiowajua. Kama jambo limeanzia humo, andika, "Nimeliona, mkuu, naomba nije tulizungumze kesho asubuhi."

Tufike kwenye kodi na ada za watoto, maana huko ndiko woga wenyewe ulikolala. "Dada, nikifukuzwa je?" Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Wapo wakubwa wasiopenda kuambiwa, na kuna ofisi ambazo mtu akisema ananuniwa mwaka mzima. Kununiwa hakuna sheria inayokukinga nako. Kufukuzwa kuna sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kuwa ametumia haki aliyopewa na sheria au mkataba, au kwa kuwa amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye, au kwa kuwa yumo kwenye chama cha wafanyakazi. Ukiachishwa kwa uonevu, unalo dirisha la siku 30 kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA. Siku 30 ni chache, na watu wengi huzimaliza wakilia na kuomba ushauri kwa majirani. Jambo jingine la kulijua mapema: kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi sita kazini. Kwa hiyo mgeni, sema, lakini anza na maswali na mambo unayoyaona kwa macho yako, acha vita kubwa kwanza. Kwa wasomaji wangu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya kumlalamikia mwajiri wake, maadamu lalamiko lina msingi.

Na tafadhali msichanganye kutoa maoni na kufichua wizi. Ukiona mpango mbovu, sema kikaoni. Ukiona risiti za kughushi, usinyanyuke kikaoni kumtaja mtu. Utamwonya, naye atazichoma. Hifadhi ulichokiona kwa njia halali, tafuta ushauri wa mwanasheria au chama cha wafanyakazi, na peleka taarifa kwenye vyombo vinavyohusika, TAKUKURU ikiwa ni rushwa. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tangu mwaka 2015. Nasisitiza hivi kwa sababu namkumbuka David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa nyaraka za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi nzima ilifaidika na ukweli wake. Yeye alipoteza kazi, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa mtu wa hali ya chini. Mtu asiachwe peke yake na mzigo wa namna hiyo.

Mnaniuliza pia: nimesema, tena vizuri, na nimekataliwa. Nifanye nini? Kama si suala la usalama wala uhalifu, fanya kazi iliyoamuliwa, na uifanye kwa moyo wote. Usiihujumu ili uonekane ulikuwa na haki. Mkutano ukifanyika Jumatano ya gulio, nenda, hesabu waliofika, andika. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo, utakuwa na idadi mkononi: "Tulitarajia wakulima 60, walifika 14. Napendekeza mkutano wa pili uwe Alhamisi." Usiongeze "nilisema." Wote waliokuwepo wanakumbuka, na muhtasari upo.

Nimebakiwa na ninyi mnaokaa kichwani mwa meza, maana najua mnasoma, na wengi wenu mliwahi kuwa wale wa daladala. Amy Edmondson, profesa wa Marekani, alipochunguza timu za wauguzi miaka ya 1990 alitarajia timu zilizoelewana vizuri ziwe na makosa machache. Akakuta zinaripoti makosa mengi zaidi. Alipofuatilia, akaona maelezo yake: kwenye timu hizo watu walikuwa huru kuyasema makosa, kwingine yalifichwa. Kwa hiyo mkuu, ukiona kikao chako kinaisha bila hoja hata moja, usifurahie amani hiyo haraka. Tuma ajenda siku mbili kabla, watu waje wamejipanga. Acha kutoa msimamo wako mwanzoni, kwa sababu ukishausema, wa chini yako hawana la kuongeza isipokuwa "ni sawa kabisa, mkuu." Badala ya kuuliza "kuna mwenye swali?", mtaje mtu na jambo analolijua: "Mtunza ghala, wewe ndiye unayeishi na mvua hizi, unaonaje?" Anza na aliyeajiriwa juzi, malizia na wewe. Na mtu akikwambia jambo linalokuchoma, mshukuru hapo hapo mbele ya wenzake, hoja yake iandikwe kwa jina lake. Ukiona haifai, mpe sababu kabla kikao hakijafungwa, usimwache aende kuitafuta kwenye daladala.